Saa tatu ya nani? Yaliyonikuta nilipoifundisha kompyuta kutaja saa kwa Kiswahili

Msomaji, kabla hujaendelea, hebu itazame saa ya simu yako. Tuseme inaonyesha 15:20. Sasa mtu akipita hapo na kukuuliza saa ngapi, utamjibu nini? Bila hata kufikiri utasema "saa tisa na dakika ishirini". Macho yameona kumi na tano, mdomo umesema tisa, na wewe mwenyewe hujahisi kama umepiga hesabu yoyote. Umeifanya hesabu hiyo tangu shule ya msingi, na siku hizi inajifanya yenyewe.

Kompyuta haina mazoea hayo. Isipofundishwa na mtu, haifanyi. Na huyo mtu, kwenye kisa ninachotaka kukusimulia leo, nilikuwa mimi.

Mimi ni mtengeneza programu. Nilianza kwa vibarua vya kutengeneza tovuti nikiwa bado nasoma, na sasa niko kwenye utafiti baada ya shahada ya uzamili. Watu wengi wakisikia kazi hii wanafikiri ugumu wake uko kwenye hesabu kubwa kubwa. Ukweli ni kwamba kosa lililonifundisha kuliko yote lilihusu namba sita, tena kwa kujumlisha na kutoa tu.

Mzee aliyefika saa nane na nusu

Wakati wa mradi wangu wa uzamili nilitengeneza mfumo mdogo wa kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki. Kituo chenyewe ni kidogo, kiko kijijini, na sitakitaja jina kwa sababu hakikuwa na kosa lolote. Kliniki ya presha na kisukari ilikuwepo mara moja kila wiki mbili. Daktari alikuwa anatoka mjini, anaanza kazi asubuhi, na ikifika saa saba mchana anageuza kurudi. Wagonjwa wengi walikuwa wanasahau siku. Wazo likawa rahisi: jioni kabla ya kliniki, kila mgonjwa apate meseji kwenye simu yake, hata kama ni ya kitochi.

Meseji niliyoiandika ilikuwa hivi: "Habari. Kliniki yako ni kesho saa 9:00. Tafadhali fika mapema."

Niliijaribu na wanafunzi wenzangu sita. Wote wakapokea, wote wakasema iko safi. Tukaiwasha.

Kliniki ya kwanza nilikwenda mwenyewe kuangalia mambo yanavyokwenda. Asubuhi watu walijaa. Daktari akamaliza, akapanda gari, akaondoka. Nami nilikuwa nafungasha kompyuta yangu nilipomwona mzee mmoja anashuka kwenye bodaboda, kavaa kanzu safi, kashika daftari lake la kliniki. Alikuwa mgonjwa mpya, ametoka mbali kidogo. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza foleni iko wapi.

Nesi akamwambia kwa upole kwamba kliniki imeisha. Mzee akatoa simu mfukoni, akaniletea mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu, akasema: "Mwanangu, simu imeniambia saa tisa. Nami nimefika saa nane na nusu."

Nilisoma meseji yangu mwenyewe kwenye kioo cha simu yake. Saa 9:00. Alikuwa sahihi kabisa. Tena alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi: saa tisa ya usiku hakuna kituo kinachofungua kliniki, kwa hiyo lazima ni saa tisa ya alasiri, na ameambiwa afike mapema, akafika nusu saa kabla. Nauli ya kuja imekwenda, ya kurudi itakwenda, na daktari anarudi baada ya wiki mbili. Dawa zake zilikuwa zimebaki za siku nne.

Nesi alimtafutia njia ya kupata dawa za kuziba pengo, na hilo namshukuru mpaka leo. Lakini nilirudi mjini kichwa kimeinama. Na swali lililonisumbua njiani ni hili: wale wagonjwa wengine waliojaa asubuhi, waliisomaje? Nikaja kugundua kwamba hawakuisoma. Walikuwa wanajua siku zote kliniki ni asubuhi, wakasoma neno "kesho" basi. Aliyeiamini meseji yangu neno kwa neno alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeumia.

Saa sita zinatoka wapi?

Tuelewane kwanza kuhusu tofauti yenyewe. Saa ya kizungu inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Likishachomoza tukamaliza saa moja, tunasema saa moja asubuhi. Likishazama tukamaliza saa moja, tunasema saa moja usiku. Mpangilio huo hauko kwetu tu. Ethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo.

Kwa nini umedumu huku? Kwa sababu jua letu halibadiliki sana. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote kwa mwaka haifiki saa moja. Jua ni kama saa inayoaminika. London mambo ni mengine: mwezi Juni mchana unazidi saa kumi na sita, na Desemba haufiki saa nane. Ukimwambia mtu wa London ahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, saa yake itahama kila wiki.

Kwa hiyo saa yetu ina mantiki yake. Tatizo lilikuja vilipoingia vyombo vilivyotengenezwa kwa saa ya pili. Na hapo wazee wetu walipata ujanja ambao bado naustaajabia. Chukua saa ya ukutani ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, tazama upande wa pili wa duara: utakutana na 3. Hiyo ndiyo saa tatu. Ukiwa kwenye 1, upande wa pili ni 7, saa saba. Namba zimepangwa kwenye duara la kumi na mbili, na sita ni nusu ya duara, ndiyo maana jibu liko mkabala siku zote. Mtu hakuhitaji kutoa wala kujumlisha, alisoma mkia wa mshale.

Saa ya simu imeua ujanja huo. Namba "09:00" hazina upande wa pili. Hesabu ambayo zamani ilifanywa na duara, sasa inafanywa na kichwa cha msomaji. Wanafunzi wenzangu sita walionijaribia mfumo wote wana simu janja na wote wanafanya hesabu hiyo bila kujijua. Kwa maneno mengine, nilipima mfumo kwa watu wanaofanana na mimi, halafu nikawapa watu wasiofanana na mimi.

Kutoa sita kuna mtego

Basi nikakaa kurekebisha. Jibu la haraka: chukua saa ya kompyuta, toa sita. Tisa toa sita, tatu. Kumi na tano toa sita, tisa. Safi. Nikaandika, nikajaribu na saa za usiku, kompyuta ikanijibu "saa -3".

Umeona kilichotokea? Saa 03:00 za usiku toa sita ni hasi tatu. Kwenye duara la saa, kurudi nyuma hatua tatu kutoka kumi na mbili kunakufikisha tisa, na kweli wakati ule ni saa tisa usiku. Lakini kompyuta haijui kuna duara. Lazima uiambie, na njia ya kuiambia ni baki la kugawanya, lile lile la darasa la tatu: kumi na tano gawanya kwa kumi na mbili, jibu moja, baki tatu. Baki ndilo linalozungusha namba kwenye duara.

Sasa hapa kuna jambo la kuchekesha. Lugha za programu hazikubaliani kuhusu baki la namba hasi. Ukiiuliza Python baki la -3 ukigawanya kwa 12, itakujibu 9. Ukiiuliza JavaScript swali lile lile, itakujibu -3. Zote mbili zinafuata kanuni zake na hakuna iliyoharibika. Ila ukihamisha msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kulijua hilo, saa zako za usiku zinavurugika, na za mchana zinabaki nzuri kabisa. Mtu anayejaribu mfumo wake mchana hataliona kosa hilo asilani.

Dawa yake ni kuacha kutoa na badala yake kujumlisha. Kwenye duara la kumi na mbili, kwenda mbele sita na kurudi nyuma sita kunakufikisha pale pale. Kwa hiyo: chukua saa, jumlisha sita, tafuta baki la kumi na mbili, na baki likiwa sifuri andika kumi na mbili. Jaribu mwenyewe. Saa 18:00: kumi na nane jumlisha sita ni ishirini na nne, baki sifuri, kwa hiyo saa kumi na mbili. Saa 00:00: sifuri jumlisha sita ni sita, saa sita usiku. Hakuna namba hasi inayoingia popote.

Asubuhi inaishia wapi?

Nilidhani nimemaliza. Wapi! "Saa tatu" peke yake haitoshi, kwa sababu kuna saa tatu mbili kwa siku. Lazima useme ya asubuhi au ya usiku. Nami nikajikuta naandika kwenye programu mipaka ambayo sijawahi kuambiwa na mtu: alfajiri mwisho saa ngapi? Mchana unaanza saa tano au saa sita? Saa kumi ni ya alasiri au ya jioni?

Nikawauliza watu. Mama yangu akasema saa kumi ni alasiri, na akashangaa kwamba hilo nalo linaulizwa. Mwenzangu ninayekaa naye akasema jioni. Nesi akasema, "Inategemea, mdogo wangu. Kama jua bado kali, ni alasiri." Na saa kumi na moja kabla ya kuchomoza jua, mmoja ataiita alfajiri, mwingine ataiita asubuhi.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu kuhusu kazi hii. Kwenye mazungumzo, ukungu kidogo hauna madhara. Nikikwambia "njoo jioni", tunajuana. Lakini programu haiwezi kuacha ukungu. Kila dakika ya siku lazima iwe upande mmoja wa mpaka au mwingine, na mpaka huo anauweka mtu mmoja, mara nyingi saa sita za usiku, peke yake, bila kumuuliza yeyote. Kisha maelfu ya watu wanaishi nao. Ukiona simu yako inasema jambo kwa namna usiyoizoea, mara nyingi si kwamba mashine imekosea. Kuna mtu aliamua.

Mimi niliamua kuepa ubishi. Kliniki zote ni asubuhi, kwa hiyo nikaandika kwa maneno: "saa tatu kamili asubuhi". Namba nikaziondoa kabisa, kwa sababu namba ndizo zilizomponza mzee.

Maneno yakaleta bili. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, si zaidi. Sababu ni kwamba nafasi yake ni baiti 140, na kila herufi imebanwa kwenye biti saba badala ya nane. Ukizidisha, inakatwa vipande, na kila kipande kinalipiwa. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba orodha ya herufi za biti saba ni fupi, na ukiingiza alama moja tu isiyokuwemo, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine ambapo nafasi inashuka hadi herufi 70. Alama iliyoniponza mimi ilikuwa kile kikoma cha juu. Kilichonyooka kimo kwenye orodha, lakini kile kilichopinda, kinachowekwa na programu za kuandikia ili maandishi yapendeze, hakimo. Kwa hiyo mgonjwa ambaye jina lake linaanza na Ng', likiwa limenakiliwa kutoka kwenye faili la ofisini, alikuwa anatugharimu mara mbili ya wenzake. Nilikaa siku nzima nikitafuta kwa nini.

Seva haijui iko wapi, na "kesho" si siku moja

Kliniki iliyofuata sikwenda, nilijiamini. Jumatano asubuhi nesi akanipigia. "Kuna mama amekuja leo, anasema meseji imemwambia kesho."

Kliniki ilikuwa Jumanne. Meseji ilitumwa Jumatatu. Sasa kwa nini mama yule aje Jumatano?

Nilichimba na kukuta makosa mawili yameshikana mikono. La kwanza: niliiambia seva itume saa 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa bado macho. Lakini seva ya kukodi kwa kawaida imewekwa kwenye saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ilipofika kumi na nane kwake, kwetu ilikuwa 21:00, saa tatu usiku. Kijijini watu wamelala, na wengi wamezima simu kutunza chaji.

La pili ndilo lililofanya la kwanza liumize. Mama yule aliwasha simu Jumanne alfajiri, meseji ikaingia: "Kliniki yako ni kesho". Akasoma siku ya Jumanne. Kesho ya Jumanne ni Jumatano. Neno "kesho" nililiandika nikiwa nafikiria wakati wa kutuma, lakini maana yake inategemea wakati wa kusoma, na kati ya hizo nyakati mbili kuna usiku mzima, simu iliyozimwa, na mtandao unaokuja na kuondoka.

Kwa hiyo "kesho" nayo ikaondoka. Sasa meseji inasema "Jumanne tarehe 14, saa tatu kamili asubuhi". Isomwe leo, isomwe kesho, isomwe baada ya wiki, maana ni ile ile. Kama kuna jambo moja tu utakalobeba kwenye makala hii ukiwa unaandika taarifa yoyote, hata tangazo la harusi kwenye kundi la familia, basi beba hilo. Taja siku kwa jina na tarehe.

Na siku kwa jina nazo zina mtego mdogo. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinaipa Jumatatu namba 1. Kiswahili kinahesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana tuna mosi, pili, tatu, nne, tano. Ukiwa na usingizi, ni rahisi sana kuona namba 3 kwenye data ukaandika Jumatatu, ilhali namba 3 ni Jumatano. Nimewahi kufanya hivyo. Nililikamata kabla halijatoka nje, lakini nimewahi.

Ndani ya mashine kuna namba moja tu

Labda unajiuliza: hivi kompyuta yenyewe inahifadhi wakati namna gani? Jibu linaweza kukushangaza. Mifumo mingi haihifadhi saa, siku, wala mwezi. Inahifadhi namba moja: ni sekunde ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 za UTC. Mambo mengine yote, Jumanne, asubuhi, saa tatu, ni tafsiri inayofanywa wakati wa kukuonyesha wewe.

Namba hiyo ilifika bilioni moja tarehe 9 Septemba 2001. Kwetu ilikuwa saa kumi na dakika 46 alfajiri, Jumapili. Kwenye mifumo ya zamani inayohifadhi namba hii kwa biti 32, mwisho wake ni 2,147,483,647, na itafika hapo tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa unaruka na kuangukia kwenye namba hasi, na utadhani uko Desemba 1901. Mifumo mipya inatumia biti 64, kwa hiyo simu yako huenda iko salama. Vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahaulika ndivyo vya kuangaliwa.

Na hizo sekunde nani anazihesabu? Ndani ya vifaa vingi kuna kipande kidogo cha kioo cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kubahatisha. Ni mbili iliyojizidisha mara kumi na tano, kwa hiyo ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unapata mtetemo mmoja kwa sekunde. Kioo hicho hakina usahihi kamili. Kikikosea sehemu ishirini tu katika milioni, unapoteza au kuongeza karibu sekunde 1.7 kwa siku. Ndiyo maana kompyuta iliyounganishwa na intaneti huwa inauliza wenzake saa kila mara, kwa utaratibu unaoitwa NTP, uliobuniwa na David Mills wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1985. Simu isiyopata mtandao kwa muda mrefu huanza kupotea taratibu.

Kutoka kwenye zile sekunde hadi saa ya mahali ulipo, kuna faili moja maarufu sana miongoni mwa watengeneza programu, inayoorodhesha kila mahali na historia ya saa zake. Iko ndani ya simu na kompyuta nyingi duniani. Nilipoifungua sehemu ya Nairobi nilikuta kumbe saa zetu hazikuwa hivi siku zote: kuna kipindi zilikuwa mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili na nusu, kipindi kingine kwa saa mbili na dakika arobaini na tano, na zimetulia kwenye saa tatu tangu 1942.

Ukisikia hivyo unaweza kusema: basi si niandike "jumlisha tatu" kwenye programu yangu, niendelee na maisha? Nami nilitaka kufanya hivyo. Lakini fikiria. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Burundi vilevile. Kongo yenyewe ina saa mbili: Goma na Lubumbashi wako mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Sudan Kusini walikuwa pamoja nasi, kisha tarehe 1 Februari 2021 wakarudisha saa nyuma. Misri walirejesha kusogeza saa wakati wa kiangazi mwaka 2023. Na visiwa vya Samoa viliruka siku nzima: tarehe 30 Desemba 2011 haikuwepo kabisa, watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Saa ni uamuzi wa serikali, na serikali inaweza kuamua tena. Kwa hiyo kwenye programu andika jina la mahali, uliache faili lifanye hesabu.

Nimebaki na nini?

Mfumo ule bado unafanya kazi. Meseji inatoka saa kumi jioni (au alasiri, mama asije akanisikia), ina jina la siku, tarehe, na saa kwa maneno. Kuna kitu kimoja zaidi niliongeza baada ya kushauriwa na nesi: mwisho wa meseji tumeandika "Daktari anaondoka saa saba mchana". Hilo silo suala la programu hata kidogo. Lakini mtu akijua mlango unafungwa lini, hata kama mimi nikikosea tena, yeye ana njia ya kunikamata.

Pia nimebadili namna ya kujaribu kazi zangu. Sasa kabla ya kuwasha kitu, natafuta watu watatu wasiofanya kazi ninayofanya, mmoja wao awe na umri wa kunizaa, nawaomba wasome kisha waniambie watafanya nini. Siwaulizi kama wameelewa, maana kila mtu atasema ameelewa. Namuuliza: "Sasa wewe utatoka nyumbani saa ngapi?" Jibu la swali hilo limenisaidia kuliko majaribio mengi niliyowahi kuandika kwa msimbo.

Yule mzee alirudi kliniki ya wiki mbili baadaye. Sikuwepo, niliambiwa na nesi. Alifika saa moja na nusu asubuhi, wa kwanza kwenye foleni. Nesi akamuuliza kama meseji safari hii imekaa vizuri. Akasema imekaa vizuri, ila yeye amemuuliza jirani kwanza.

Sijui nimlaumu vipi. Uaminifu wake niliutumia mara moja, nikauharibu kwa namba moja. Nikifika tena kijijini nitampitia, nimsalimie, na safari hii nitamuuliza yeye asome meseji mpya kabla sijaituma kwa wengine.